Kazi Inayoendelea Nyuma: Namna ya Kusimamia Vikao vya Terminali Ndani ya Kihariri

Wengi wetu katika masomo ya lugha za Kiafrika tunaitumia kompyuta kama mashine ya kupiga chapa: tunaandika, tunahifadhi, tunachapisha. Lakini mwanafunzi akirudi kutoka nyanjani na saa kadhaa za sauti zilizorekodiwa, upesi anagundua kwamba ziko kazi zinazochukua usiku mzima. Kubadilisha sauti kuwa maandishi, kusafisha mafaili, kuhesabu maneno katika mkusanyiko wa matini: kazi hizi hazihitaji macho yetu, zinahitaji muda. Tunaziweka nyuma, nasi tunaendelea kuandika mbele. Makala hii ni somo la vitendo juu ya namna ya kuziweka nyuma bila kuzipoteza. Nimeliandika kwa sababu mimi mwenyewe nilizipoteza.

1. Kosa lenyewe

Kwa ajili ya kazi yangu ya mwisho wa masomo nilirekodi mahojiano 9 na mzee mmoja wa hapa Kasomeno, mfanyakazi mstaafu wa migodi. Jumla yake ilikuwa kama saa 6. Mzee alikubali kwa sharti moja tu: "Mwana yangu, unisomee kwanza, mbele ya kuipeleka kule ku ba-profesa." Nikamjibu, "Ndiyo, papa." Jumamosi alikuwa anaondoka kwenda kukaa kwa mtoto wake Likasi.

Alhamisi usiku niliunganisha mahojiano yote kuwa faili moja refu. Nikafungua terminali ndani ya kihariri changu, Vim, nikaanzisha programu ya kutambua usemi, nikaificha terminali ile ili nipate nafasi ya kuandika sura ya pili. Nikalala, kompyuta ikabaki inafanya kazi. Asubuhi niliandika :qa ili nitoke. Vim ilikataa, ikanionyesha mstari wa Kiingereza unaosema kwamba kuna kazi bado inaendelea. Sikuusoma. Kwa mazoea ya vidole niliongeza alama ya mshangao, :qa!, nikatoka. Kazi ya usiku kucha ikafa pale pale, na kwa kuwa matokeo yalikuwa yaandikwe mwishoni mwa faili lote, hakikubaki hata kijisehemu.

Jumamosi mzee aliondoka bila kusomewa chochote. Si umeme ulioniangusha, wala si mashine. Mashine ilinionya. Mimi sikujua kazi ile ilikuwa wapi wala ilimtegemea nani.

2. Mbele na nyuma: tunayoyajua tayari

Wazo la "mbele" na "nyuma" si geni kwetu. Tutazame sentensi hii:

Nilikuwa nikisahihisha matini, umeme ukakatika, nikafunga daftari.

Viambishi -ka- vinasogeza hadithi mbele hatua kwa hatua. Kiambishi -ki- hakisogezi kitu. Kinaonyesha tendo lililokuwa likiendelea nyuma ya matendo mengine. Mwaka 1979 mwanaisimu Paul Hopper aliandika makala mashuhuri juu ya jambo hili, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha alizozitolea mifano: -ka- kwa matukio ya mbele, -ki- kwa yale ya nyuma.

Sasa tuangalie sifa moja ya kishazi chenye -ki-. Ukisema tu "nikisahihisha matini", msikilizaji anangoja. Kishazi hicho hakisimami peke yake. Kinaegemea kitenzi kingine. Ukikifuta kitenzi kikuu, kishazi kinabaki kinaning'inia. Ndivyo ilivyo kazi iliyowekwa nyuma ndani ya kihariri. Inaendelea, ndiyo, lakini inaegemea kitu kingine, na swali la kwanza la kujiuliza ni hili: inaegemea nini?

3. Istilahi chache

Kabla ya amri, tukubaliane juu ya maneno.

Kihariri ni programu ya kuandikia na kusahihisha matini tupu, yaani matini yasiyo na rangi wala mapambo. Hapa ninatumia Vim. Bram Moolenaar, Mholanzi, aliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1991. Baadaye alijitolea katika kituo cha watoto cha Kibaale, kusini mwa Uganda, na kwa miaka mingi programu hii ya bure ilipofunguliwa iliwaomba watumiaji wake wawasaidie watoto wa Uganda. Moolenaar alifariki mwaka 2023.

Terminali ni mahali pa kuiandikia kompyuta amri kwa maneno badala ya kubofya picha.

Kikao ni muda wote ambao terminali moja iko wazi, pamoja na kila kilichoanzishwa ndani yake. Neno hili linatokana na kukaa, na linafaa: kikao huanza, huendelea, hufungwa, na mtu anaweza kutoka nje kidogo bila kikao kuvunjika.

Mchakato ni programu moja inayofanya kazi wakati huu. Kila mchakato una mzazi, yaani mchakato uliouanzisha.

Bafa ni matini yaliyoshikwa katika kumbukumbu ya kihariri, yaonekane kwenye dirisha au yasionekane. Katika Vim, terminali nayo ni bafa. Hilo ndilo linalotuwezesha kuificha na kuirudisha kama faili lolote.

4. Kufungua, kuficha, kurudisha

Vim ilipata terminali ya ndani katika toleo la 8.1, Mei 2018. Kujua kama Vim yako inayo, andika:

:echo has('terminal')

Ukijibiwa 1, inayo. Maelezo haya ni ya Linux.

Kufungua. Ukiwa katika faili unalosahihisha, andika :term. Dirisha linagawanyika, juu unapata terminali, chini matini yako yanabaki palepale. Kuhama kutoka dirisha moja kwenda jingine, bonyeza Ctrl-W halafu w.

Kusoma yaliyopita. Terminali inayotoa mistari mingi haikupi nafasi ya kusoma. Bonyeza Ctrl-W halafu N kubwa. Sasa unaweza kupanda na kushuka, kutafuta neno, hata kunakili mistari. Kazi yenyewe haijasimama, ni maonyesho tu yaliyotulia. Ukimaliza, bonyeza i.

Kuipa jina. Bonyeza Ctrl-W, halafu nukta pacha, kisha andika file sauti-usiku. Ukiwa na vikao vitatu visivyo na majina, utafunga kile usichokikusudia.

Kuificha. Bonyeza Ctrl-W, halafu nukta pacha, kisha andika hide. Dirisha linaondoka, kikao kinaendelea.

Kuona kilichofichwa. Andika :ls. Katika orodha ya bafa, herufi R maana yake ni terminali yenye kazi inayoendelea. Herufi F maana yake ni terminali ambayo kazi yake imekwisha. Ukitaka zile zinazoendelea tu, andika :ls R. Amri hii fupi ingeniokoa ile Ijumaa. Siku hizi siondoki mbele ya mashine bila kuiandika.

Kuirudisha. Kila bafa lina namba. Kama kikao chako ni namba 3, andika :sb 3 nacho kitarudi katika dirisha lake.

Kuna kosa moja linalowapata wengi hapa. Mtu anataka kuweka kazi nyuma, anabonyeza Ctrl-Z, anaona amepata tena nafasi ya kuandika, anafurahi. Lakini Ctrl-Z haipeleki kazi nyuma, inaisimamisha. Kazi imelala, haifanyi chochote, na asubuhi utaikuta ilipokuwa. Ili iendelee kweli ikiwa nyuma, andika bg. Ili irudi mbele, andika fg. Kusimama na kuendelea nyuma ni hali mbili tofauti.

5. Mzazi wa kikao ni nani?

Terminali iliyofunguliwa ndani ya Vim ni mtoto wa Vim. Kuificha hakuubadilishi uzazi huo. Kwa hiyo:

Ukifunga dirisha kwa hide, mtoto anaishi.

Ukiandika :q au :qa, Vim inakataa kutoka, inakuonya kwamba kuna kazi inaendelea.

Ukiandika :qa!, umeiambia Vim itoke kwa nguvu, nayo inamuua mtoto kabla ya kutoka.

Ukifunga dirisha la nje ambamo Vim yenyewe inaishi, mfumo unapeleka ishara inayoitwa SIGHUP. Jina lake linatokana na zamani, terminali zilipokuwa zikiunganishwa na mashine kuu kwa laini ya simu. Ishara hiyo maana yake ilikuwa "simu imekatwa". Programu nyingi zikiipokea hufa.

Alama ya mshangao katika Vim, basi, si pambo. Kila mara maana yake ni: "Najua umenionya, fanya tu." Anayeiandika kwa mazoea anasema hivyo bila kujua.

6. Kumtafutia mtoto mzazi mwingine

Kama kazi inapaswa kuishi kuliko kihariri, isizaliwe na kihariri. Hapo ndipo programu iitwayo tmux inapofaa. Ilitoka mwaka 2007. Kabla yake ilikuwepo Screen, tangu 1987, na wazo ni lile lile. tmux huanzisha mchakato unaojitegemea, ambao ndio unaovilea vikao. Dirisha unaloliona ni mgeni tu anayechungulia.

Ndani ya Vim andika:

:term tmux new -A -s sauti

Maana yake: fungua terminali, na ndani yake fungua kikao cha tmux kiitwacho sauti, kama kipo tayari, niunganishe nacho. Anzisha kazi yako humo. Ukitaka kujitoa, bonyeza Ctrl-b halafu d. Kikao kinabaki. Hata ukiandika :qa! bila kufikiri, anayefukuzwa ni yule mgeni. Kikao hakisikii kitu. Kuona vikao vilivyopo andika tmux ls katika terminali yoyote. Kurudi katika kile chetu andika tmux attach -t sauti. Kukifunga kabisa andika tmux kill-session -t sauti.

Kwa lugha ya sehemu ya pili: kazi imeacha kuwa kishazi chenye -ki-. Imekuwa sentensi kamili.

7. Na umeme ukikatika?

Hapa lazima niseme ukweli. Wala Vim wala tmux haziokoi kazi mashine ikizimika. Vyote viwili vinaishi katika kumbukumbu inayosahauliwa papo hapo. Katika mji wetu, ambako betri ya kompyuta kuukuu haimalizi hata saa moja, kinga iliyobaki ni moja: kazi iandike matokeo yake kwenye diski kidogo kidogo, na ikianzishwa tena ijue ilipofika.

Kosa langu la kwanza, basi, halikuwa alama ya mshangao. Lilikuwa kuyaunganisha mahojiano 9 kuwa faili moja. Siku hizi natumia hati hii fupi, niliyoiita nukuu.sh. Inatumia Whisper, programu ya kutambua usemi iliyotolewa na OpenAI mwaka 2022, ambayo ikishapakuliwa hufanya kazi bila intaneti:

mkdir -p muda matini
for f in sauti/*.wav; do
  j=$(basename "$f" .wav)
  [ -s "matini/$j.txt" ] && continue
  whisper "$f" --language sw --model small \
    --output_format txt --output_dir muda \
    && mv "muda/$j.txt" matini/
done

Mstari wa kwanza unatengeneza masanduku mawili, la muda na la matini. Halafu hati inachukua faili moja moja la sauti. Kama matini yake yapo tayari na si matupu, inaliruka. Kama hayapo, inayaandika kwanza katika sanduku la muda, na yakikamilika tu ndipo inayahamishia katika sanduku la matini. Umeme ukikatika katikati ya mahojiano ya tano, unapoteza sehemu ya mahojiano ya tano peke yake. Umeme ukirudi, unaandika amri ile ile, bash nukuu.sh, na manne ya kwanza hayaguswi.

Mwenye kurekodi dakika 40 kwa mfululizo anaweza kuzikata vipande vya dakika 10. Kadiri kipande kilivyo kifupi, ndivyo hasara ilivyo ndogo.

8. Kwa nini yote haya ndani ya kihariri?

Mhadhiri anaweza kuuliza: kwa nini usifungue terminali pembeni, uachane na kihariri? Jibu liko katika aina ya kazi yetu. Mashine haijui Kiswahili cha Lubumbashi. Mzee alisema "bantu banaenda mu kazi". Mashine iliniandikia "watu wanaenda mkazi". Aliposema "njo vile", mara ilikuwa "ndio vile", mara ilikuwa neno lisilo na maana. Mashine inamsahihisha mzee, na sisi hatukwenda kwake ili tumsahihishe. Kwa hiyo kila mstari lazima usikilizwe upya na urekebishwe kwa mkono. Ninasahihisha mahojiano ya kwanza katika dirisha la chini huku mahojiano ya nne yakiendelea nyuma, na nikitaka kujua nimekwisha kupata "njo" ngapi, nahamia terminali, naandika:

grep -ow "njo" matini/*.txt | wc -l

napata idadi, narudi kwenye mstari niliouacha. Kiti hakijasogea.

Wale waliosoma Vocabulaire ya mji wa Elisabethville, iliyoandikwa na André Yav mwaka 1965 kwa Kiswahili cha hapa kwetu, wanajua jambo lililompata Johannes Fabian alipotaka kuitoa upya mwaka 1990. Maandishi yalikuwa yamekatwakatwa kwa namna isiyofuata mipaka ya maneno, hata ilibidi Kalundi Mango ayasome kwa sauti ili yaeleweke. Maandishi yalirudishwa mdomoni ndipo yakatoa maana. Somo ni lile lile: faili la matini ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni sikio la anayeijua lugha, na la aliyeyasema maneno.

9. Mazoezi

a) Fungua Vim, fungua terminali, andika ndani yake sleep 300, amri inayoiambia mashine isubiri sekunde 300. Ipe jina, ifiche, kisha itafute kwa :ls. Ni herufi gani unaiona sasa? Ifungue tena, baada ya sekunde 300 kupita andika exit ndani yake, kisha tazama :ls tena.

b) Rudia zoezi la kwanza, lakini jaribu kutoka kwa :qa. Soma onyo lote kwa sauti, litafsiri kwa Kiswahili, kisha ujadiliane na mwenzako ni nani anayeonywa na kwa jambo gani.

c) Anzisha sleep 300 ndani ya tmux ndani ya Vim, toka kwa :qa!, kisha kiunganishe tena kikao kutoka nje. Eleza kwa sentensi mbili nani alikuwa mzazi wa nani.

d) Chukua rekodi zako tatu fupi, anzisha nukuu.sh, ikatishe kwa Ctrl-C ikiwa katika ya pili, kisha ianzishe tena. Ni faili gani lililorukwa, na kwa nini?

10. Hitimisho

Mambo matatu yatosha kukumbukwa. Kabla ya kuweka kazi nyuma, uliza inaegemea nini. Kabla ya kuandika alama ya mshangao, soma ulichoonywa. Na kazi yoyote inayozidi muda wa betri yako, ikate vipande.

Niliirudia kazi yote kwa njia hii, ikachukua usiku mitatu kwa sababu umeme ulikatika mara mbili. Sikupoteza hata ukurasa mmoja. Halafu nilimpigia mzee simu Likasi nikamsomea, jioni nne mfululizo, hadi salio linaisha. Alisahihisha mengi. Maneno matatu, majina ya vifaa vya zamani vya mgodini, hatukuweza kuyamaliza: kwa simu sikusikia vizuri, naye alisema ingekuwa rahisi kama angeshika mkono wangu na kunionyesha umbo la kitu. Katika matini yangu yana alama ya kuuliza hadi leo. Nikipata nauli, nitakwenda.